Mwaka wa Laini ya Tatu

Habari za kifo cha Adelina zilinifikia kwa ujumbe wa simu, kutoka namba nisiyoijua: "Mama Skola amefariki. Mazishi kesho, Mitwero." Nilikuwa uani napepeta mchele. Niliuweka ungo chini, nikausoma tena ule ujumbe, kisha nikamaliza kuupepeta mchele wangu wote, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Kesho yake nikapanda basi la kwanza kutoka Kilwa kwenda Lindi. Tangu Adelina aliponiambia niende nyumbani, hatukuwa tumesema neno, na miaka ile ilikuwa imeshazaa wajukuu.

Mitwero nilikaa kwenye jamvi la nyuma kabisa, kati ya wanawake wa kwaya waliovaa sare za bluu na majirani Waislamu kama mimi waliokuja na khanga zao kuhani. Wali ulikuwa ukitokota nyuma ya nyumba. Baada ya kuzika, mwanamke wa makamo mwenye miwani alipita akitoa chakula, akanipa sahani, akasita. "Samahani mama," akasema, "sisi watoto hatuwajui watu wote. Wewe ni nani wa marehemu?" Nikamjibu kwamba tulifanya kazi ya simu pamoja, Kilwa Masoko, zamani. Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye Somoe?" Nikasema ndiye. "Mama alikutaja. Alisema katika wote aliowafundisha, wewe ndiye uliyekuwa na sikio zuri kuliko wote." Kisha akaitwa upande wa pili, akaenda. Nilikaa na ile sahani mapajani mpaka mafuta yakaganda pembeni. Nimeyaandika haya kwa ajili ya Skola, yule binti yake mwenye miwani, kwa sababu swali lake nililijibu nusu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mwaka mmoja tu kazini. Chumba cha swichibodi kilikuwa upande wa nyuma wa ofisi ya simu, chenye dirisha moja lililotazama mivinje na bati la choo. Bodi yenyewe ilichukua ukuta mzima: matundu yamepangwa kama masega ya nyuki, juu ya kila tundu taa ndogo, na chini yake safu ya kamba zenye ncha za shaba. Mtu wa Masoko akitaka kusema na Lindi, aliinua mkono wa simu, taa yake ikawaka mbele yetu, tukachomeka kamba na kumwuliza anamtaka nani, kisha tukachomeka kamba ya pili kwenye laini moja kati ya nne zilizokwenda Lindi. Laini nne kwa mji mzima, maofisi, maduka na jeshi la wanunuzi wapya wa korosho waliokuwa wamefunguliwa mlango. Kulikuwa na harufu ya mpira wa vipokea sauti, jasho, na mafuta ya taa tuliyopaka sakafuni kufukuza sisimizi.

Dada Adelina alikuwa mkubwa wangu kwa miaka karibu ishirini. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyelima, na sauti yake kwenye laini ilikuwa nyororo kiasi kwamba wateja waliokuja ofisini walimpita wakimtafuta mtu mwingine. Aliyonifundisha hayakuwamo katika kitabu chochote. Kwanza, usimpitishe mtu kwenye laini kabla ya wewe mwenyewe kuita Lindi na kuuliza, "Lindi, unanisikia?", na kusubiri binadamu akujibu. Mlio haukumtosha. Pili, laini ya kwanza usiijaze hata kama kuna foleni. Ile ni ya hospitali na polisi. Tatu, simu ikikatika, mrudishe mtu kwenye laini ileile na kwa opereta yuleyule, ili asianze hadithi yake upya. Na la nne, ambalo alilisema huku akigonga kwa kucha tundu lenyewe: "Hii ya tatu ni mgonjwa. Kiangazi utaipenda. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye kiungo cha waya kule mto Mbwemkuru, na hapo inakuwa kama mtu aliyekufa macho wazi. Unamwona, ukadhani anakuona." Mvua zikianza, alitundika kipande cha kitambaa chekundu kwenye tundu la laini ya tatu, na hatukuigusa mpaka mafundi waende mtoni.

Mchana tulikula chumbani humo kwa zamu, mmoja na vipokea sauti kichwani, mwingine na kijiko mkononi. Mara nyingi chakula kililetwa na mume wake, Kastori, seremala aliyekuwa na karakana karibu na soko. Alikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye kikapu, au ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, nywele zake zimejaa vumbi la mbao. Aliniita shemeji, nami nilimwita shemeji, na utani wake haukuwa na mwisho. "Shemeji, niunganishe na Mungu," alikuwa akisema akiegemea mlango. "Mwambie Kastori wa Masoko anamwulizia habari za mvua." Nikimjibu kwamba laini za huko zimejaa, alisema, "Basi nitasubiri, lakini usinipe ile ya tatu." Siku hizo tulicheka sana maneno hayo. Binti yao Skola alikuwa Masasi kwa masista, shule ya bweni, akija likizo tu.

Katika kazi ile unasikia mambo. Tulikatazwa kusikiliza, lakini ili kujua kama watu wanasikilizana ilibidi usikilize kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichonifundisha ulimwengu. Mwaka ule kila mtu alikuwa akipunguzwa. Mwanamume mmoja alimpigia mkewe kutoka Dar es Salaam akasema kiwanda kimeuzwa, nao wameambiwa wakae nyumbani wasubiri. Mke akauliza wasubiri nini. Nilisikia pumzi za mumewe tu mpaka muda ukaisha. Wengine walikuwa wakifungua maduka ya mitumba, wengine wakinunua magari yaliyotumika, na wote walikuwa wakipiga simu. Laini nne hazikutosha tena. Ndipo mkuu wetu, Bwana Mchopa, alipotutangazia kwamba inakuja mashine.

Ilikuja na gari, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na Injinia Tesha kutoka Dar, kijana mpole aliyevaa shati jeupe na kutoka jasho kama mtungi. Lilikuwa kabati la chuma la kijivu, lenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Wateja wangepewa simu za kupiga namba wenyewe, na kabati lile ndilo lingeamua nani apite laini gani. Injinia alitueleza kwa subira, akichora kwenye ubao wa matangazo. Kuna namna mbili za kugawa, alisema. Ya kwanza ni kwa zamu: simu hii laini ya kwanza, inayofuata ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unarudi mwanzo. Ya pili ni bora zaidi: mashine inatazama laini ipi ina nafasi kuliko zote siku hiyo, na humo ndimo inampitisha mtu. Kila dakika inazikagua zote nne. Inatuma umeme kidogo na kusubiri urudi. Ukirudi, laini ni nzima na taa ni ya kijani. Usiporudi, laini inatolewa kazini yenyewe na taa inakuwa nyekundu, mpaka ipone.

"Na mtu?" akauliza Adelina.

"Mtu gani, mama?"

"Anayejibu kule Lindi. Mashine inamwulizaje kama anasikia?"

Injinia akacheka kwa adabu. "Umeme ukifika, sauti itafika."

"Na hilo kabati lenyewe likifa?"

Hapo alikuwa mkweli, na sina kinyongo naye. Akasema kwa kawaida yanafungwa mawili: moja linafanya kazi, la pili linalitazama tu, la kwanza likinyamaza la pili linashika. Hili la pili lingefuata baadaye. Tena akasema mnaweza kulifunga kwa njia mbili. Mnaweza kuliweka mlangoni, simu zote zipite humo na pasiwe na njia nyingine. Au mnaweza kuliweka ubavuni mwa bodi ya zamani, na swichi ya kurudisha kazi mikononi mwa watu pindi kukiwa na shida. "Hiyo ndiyo yetu," akasema Adelina. "Tuwekee ubavuni." Injinia akamtazama Bwana Mchopa, na Bwana Mchopa akasema bodi lazima itoke, kwa sababu chumba kile kimeshatafutiwa mpangaji, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na agizo la ofisi zote ni kujitegemea. Akaongeza, bila kumtazama yeyote, kwamba mashine haihitaji maopereta wawili.

Jioni ile nilibaki peke yangu kwenye bodi. Bwana Mchopa aliomba Dar, nikampitisha, nikasikiliza kidogo kuhakikisha wanasikilizana. Nikasikiliza zaidi ya kidogo. "Nitabakiza mmoja," alikuwa akisema. "Yule mkubwa ana maneno mengi, ataipiga vita. Huyu mdogo ni msikivu." Nilichomoa vipokea sauti nikavishika mkononi kama vimeniunguza. Nilipaswa kusikitika. Nilifurahi. Hata leo, nikiwa na umri alioufikia Adelina nilipomwona mara ya mwisho na zaidi, naikumbuka ile furaha vizuri kuliko mambo mengi niliyoyapata kwa haki.

Juma la kufunga mashine, Adelina alikwenda Tingi kwa siku tatu. Kastori alikuwa na shamba dogo la korosho huko na moto ulikuwa umeingia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa na Injinia Tesha siku ya majaribio. Ilikuwa Oktoba, jua kali, ardhi imepasuka. Tukapiga laini zote nne, moja baada ya nyingine, na laini ya tatu ilitoa sauti safi kama kengele. Kisha akanipa karatasi ya kupokea mashine, ambayo ilibidi isainiwe na opereta. Palikuwa na mistari ya kila laini, nikaweka alama. Chini kabisa palikuwa na swali, akalisoma kwa sauti huku akijipepea na faili: "Je, kuna kasoro yoyote inayojulikana katika laini?" Bwana Mchopa alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua kwamba nikisema, kazi itasimama, mafundi watatumwa Mbwemkuru kwanza, Injinia ataondoka na kabati lake, nami nitakuwa mwenye maneno mengi. Nikaandika: Hakuna. Nikatia saini, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Adelina aliporudi, bodi ilikuwa imeshatolewa nje uani, imefunikwa turubai. Barua yake ilikuwa mezani. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya sidiria. Aliniuliza jambo moja tu: "Umewaambia habari za ile ya tatu?" Nikasema, "Wameshaijua, dada." Hivyo uwongo wangu wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Akasema, "Haya, vizuri," akachukua kikombe chake cha bati kwenye kigingi, akaaga. Kastori alikuwa akimngoja nje na baiskeli. Alinipungia mkono.

Nilikaa na ile mashine miezi kadhaa, na sitakuwa mwongo tena: ilifanya kazi. Wateja waliisifu. Mimi niliketi kwenye meza ndogo kwenye kijichumba cha mbele, nikipokea malalamiko kwa simu moja, nikitazama taa nne za kijani. Kelele za chumba chetu cha zamani zilikuwa sasa za mabati na misumari ikipimwa. Hapakuwa na sauti za watu tena masikioni mwangu. Nilikula chakula changu peke yangu, mkate na chai, na sikuwa na wa kumwita shemeji.

Masika ya mwaka uliofuata, baada ya vuli kavu, ilikuja kwa hasira. Kipindupindu kikaanza kwenye nyumba za bondeni, kikasambaa. Serikali ya wilaya ikafungua kambi ya wagonjwa kwenye madarasa mawili ya shule nje kidogo ya mji, na msimamizi wake akawa Daktari Selemani, mganga mmoja asiyelala, mwenye simu moja kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Wagonjwa waliolegea kabisa hawakuweza kunywa. Walihitaji maji ya dripu, na dripu zilikuwa zikitoka bohari ya dawa Lindi. Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu Jumamosi. Sikujua kwamba Kastori alikuwa ameingizwa kambini Jumatatu jioni.

Saa tatu asubuhi simu ya malalamiko ikalia. Ilikuwa Daktari Selemani. "Dada, naipigia bohari Lindi tangu saa moja na nusu. Inaita tu, hakuna anayepokea. Wamehama?" Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu. Nusu saa baadaye akapiga tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Inaita. Inaita. Chupa zinaisha hapa, dada yangu." Nikatazama taa. Nne, zote za kijani. Lakini ile ya tatu ilikuwa na kitu kingine: kitaa chake kidogo cha pembeni, kinachowaka simu inapopita, kilikuwa hakipumziki. Nikachukua kipokea sauti cha kupimia, nikaingia kwenye laini ya tatu. Nikasikia mlio wa kuita, mzuri, wa mashine yenyewe. Nyuma yake nikasikia maji. Sauti kama ya mtu anayekaanga kitu mbali sana.

Nilielewa palepale, jambo zima, kama Adelina alivyonifundisha. Maji ya Mbwemkuru yalikuwa yakiurudisha umeme kabla haujafika Lindi, na mashine ikiona umeme umerudi, iliandika: nzima. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyeweza kuzungumza kwenye laini ile, kila aliyepewa alikata tamaa akaiacha, mashine iliiona ina nafasi kuliko zote. Kwa hiyo iliwapeleka watu huko, na tena huko. Laini nyingine tatu, zilizo nzima, zilikuwa na maongezi ya korosho na mabati. Iliyokufa ndiyo iliyoonekana haina kazi. Tena Daktari alipokuwa ameishikilia, akisubiri ipokelewe, ndipo wengine waliofuata walipopita salama. Yeye mwenye subira kuliko wote ndiye aliyewafungulia njia.

Nilikwenda kwa Bwana Mchopa. "Shikamoo mzee. Laini ya tatu imekufa, tuitoe." Akauliza taa inasemaje. Nikasema taa ni ya kijani lakini inadanganya. Alivua miwani, akafungua droo, akatoa nakala ya karatasi, akaiweka mbele yangu. "Huu mwandiko wa nani? Hakuna kasoro. Leo unataka niandike Dar kwamba karatasi tuliyowapelekea ni ya uwongo? Kabati limepigwa lakiri, funguo anazo Injinia. Kaa kwenye kiti chako, Somoe. Bohari watapokea." Nikarudi kwenye kiti changu. Katika droo yangu kulikuwa na bisibisi. Watu wakisimulia mambo yao, hapa ndipo wanaposimama wakafanya jambo. Mimi nilikaa. Daktari alipiga saa nne, saa tano, na saa sita na robo. Mara ya mwisho hakulalamika. Alisema tu, "Sasa nagawa chupa moja kwa wawili," kama anayempa mtu taarifa kwa ajili ya kumbukumbu.

Saa saba nilitoka bila kuaga nikaenda kwa Adelina. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani aliyekuwa akizibua mfereji akasema, "Hujui? Mumewe yuko shuleni kule." Nilikimbia kwenye tope, viatu mkononi. Madarasa yalinuka klorini, na vitanda vilikuwa vya mbao, vimetobolewa katikati na kuwekewa ndoo chini. Baadaye niliambiwa kwamba kabla ya kuugua, Kastori ndiye aliyevitengeneza vingi. Alikuwa amelala kwenye kimoja karibu na ubao wenye hesabu za watoto ambazo hazijafutwa. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Alinitambua. Alianza utani kwa kunong'ona, haukufika mwisho. Adelina alikuwa akimdondoshea maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

"Laini ya tatu," nikasema. "Daktari anapewa laini ya tatu tangu asubuhi."

Alinitazama. Sikuona hasira, alikuwa akipiga hesabu ya njia, muda, na gari. Akampa kijiko mwanamke aliyekuwa akimwuguza mwanawe kitanda cha pili. "Mama, nishikie hapa. Narudi sasa hivi." Akamwinamia Kastori. "Nakwenda kuita gari. Usilale." Tukatoka.

Ofisini alipita mbele ya Bwana Mchopa bila kumsalimu, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akilifanya. Kabati lenyewe hakuligusa. Alikwenda kwenye stoo ya nyuma, waya za kutoka nje zinakoingilia ukutani, akanipokonya mkononi bisibisi niliyoichukua kwenye droo yangu, akafungua kifuniko. Bwana Mchopa alisimama mlangoni akisema habari za mali ya umma na polisi. Adelina alipitisha kidole juu ya waya, akihesabu kwa Kimakonde chini ya pumzi, akakamata mbili, akazing'oa. Nilisikia kwenye chumba cha mbele kitu kikibofya ndani ya kabati. Taa ya tatu ikawa nyekundu. Kisha akachukua simu ya meza yangu, akazungusha namba, na nikaisikia tena ile sauti nyororo: "Lindi, unanisikia?"

Walimsikia. Mtu wa bohari alisema wako pale tangu saa moja asubuhi, simu haijalia hata mara moja. Dripu zipo, gari lipo, dereva yuko anakula. Waliondoka baada ya nusu saa. Lakini mvua ya mchana ilikuwa imeshajaza Mbwemkuru, maji yakapita juu ya barabara, na gari likalala upande wa pili taa zake zikiwaka. Dereva baadaye alisema kama angefika mtoni saa nne au saa tano za asubuhi, angevuka bila kulowesha magurudumu. Lilifika Masoko Jumatano, saa sita mchana. Kastori alikuwa amekufa saa mbili asubuhi. Hakuwa peke yake kufa kati ya simu ya kwanza ya Daktari na gari lile, na sisemi kwamba wote ni wa simu. Kipindupindu hakingoji karatasi. Lakini najua kilichokuwa mikononi mwangu.

Ulifanyika uchunguzi. Waliniuliza, nikaeleza yote, nikataja swali na jibu langu. Bwana Mchopa akaniambia baadaye, kwa upole wa baba, kwamba maelezo yangu yalikuwa marefu mno na hayakuingia kwenye ripoti. Ripoti inasema mvua. Mafundi wakaenda mtoni, wakatengeneza kiungo. Injinia Tesha akabadilisha mtindo wa kugawa, ukawa wa zamu. Kabati la pili halikuja.

Siku ya arobaini ya Kastori nilikwenda kusaidia kupika, kama wanawake wote wa ofisini na mtaani. Watu walipoondoka nilimkuta Adelina nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anasugua masufuria kwa mchanga na majivu. Nilichuchumaa nikachukua moja, nikasugua. Kisha nikamwambia kwamba nilimdanganya. Hawakuijua ile ya tatu. Hawakuambiwa.

Hakuinua uso. "Hawakuuliza?"

"Waliuliza."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo na kwa karatasi."

"Ukaandika nini?"

"Hakuna."

"Hakuna," akarudia. Akasugua kwa muda. Mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu, bila kukosea, kama enzi zile za kamba. Kisha akasema, "Nilipotoka pale kuja kung'oa waya, alikuwa bado anaongea. Nilikawia saa mbili pamoja na njia. Niliporudi sauti ilikuwa imekatika, na haikurudi tena. Yule mama wa kitanda cha pili ndiye aliyesikia maneno yake ya mwisho. Alikuwa akiniita, akidhani yule mama ni mimi."

Nilitaka kuuliza alisema nini. Sikuuliza, naye hakuniambia.

Alilichukua sufuria lililokuwa mkononi mwangu, akalisuuza, akalifudikiza juu ya mengine. "Nenda nyumbani, Somoe," akasema. "Usije tena."

Nilikwenda nyumbani. Kesho yake saa moja na nusu nilikuwa kazini, kwenye kiti changu, na taa zote nne zilikuwa za kijani.